Kaa Wapangaji Kumi Waliofika Masama

Rafiki yangu, wewe nakusimulia kwa sababu najua hutanicheka mbele za watu. Ukitaka kucheka, cheka huko huko ulipo, mimi sitakuona. Ila ukimaliza utajua kwa nini mpaka leo nikiliona gamba tupu la konokono mahali nasimama kwanza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kidogo. Naishi Masama, kwenye kihamba cha wakwe zangu, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Mume wangu anafanya kazi ya kupandisha wageni mlimani, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo wanawake watatu: mimi, mama mkwe na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Ukimhesabu na ng'ombe wetu wa maziwa tunakuwa wanne, na mama mkwe humhesabu.

Shule niliiacha nikiwa binti. Nilikuja kuirudia ukubwani, masomo ya jioni pale Bomang'ombe. Nauza ndizi sokoni, saa kumi nanawa mikono, naingia darasani. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, na mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na utaona sababu.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, shemeji yangu alimchukua binti yangu akakae na familia yake Tanga wiki mbili. Shemeji ni mdogo wa mume wangu, anaendesha Fuso, anapeleka ndizi na parachichi kule. Jumamosi moja akamrudisha. Mtoto alishuka na ndoo mkono mmoja, chupa ya maji mkono mwingine. Amekuwa mweusi kwa jua, anacheka mpaka huwezi kuelewa anachosema.

"Mama! Shikamoo! Angalia! Bibi, shikamoo! Njooni muone!"

Tukachungulia ndani ya ndoo. Magamba ya konokono, makubwa na madogo, yamelala juu ya mchanga. Mama mkwe akasogea nyuma.

"Konokono? Umewatoa Tanga kuja kula migomba yangu? Wa hapa hawatoshi? Nileteeni majivu."

"Bibi, siyo konokono. Subiri."

Tukasubiri. Gamba moja likatikisika. Vikatoka vipapasio, kisha macho mawili juu ya vijiti, kisha gando, na gamba lote likaanza kutembea kwa miguu. Mama mkwe alisema "Ruwa wangu!", ndiyo Mungu wangu kwa Kichagga, akakaa kwenye kigoda.

Walikuwa kaa. Lakini kaa wa aina hii mwili wake wa nyuma ni laini, hauna ulinzi, kwa hiyo anatafuta gamba la konokono aliyekufa anaingia humo anakaa. Akikua linambana, anahama anatafuta lingine. Mama mkwe alivyoelezwa hivyo akasema, "Kumbe ni wapangaji." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu wakaitwa kaa wapangaji, na mimi hapa nitawaita hivyo hivyo.

Walikuwa kumi. Ile chupa ilikuwa na maji ya bahari, lita moja na nusu. Mtoto alimletea bibi yake aonje, ajue kweli bahari ina chumvi. Bibi alionja kwa kidole, akakunja uso, akaiweka jikoni.

Jumapili tuliporudi kanisani tukakuta mmoja amekufa. Ananing'inia nusu nje ya gamba, ule mwili wa nyuma umejikunja kama mkia wa nguruwe mdogo. Binti yangu hakulia hapo hapo. Alikaa karibu na ndoo muda mrefu, chakula hakugusa. Halafu akasema:

"Mama, mimi ndiyo nimewaokota. Walikuwa kwao."

Jioni kwenye sala ya familia zamu ilikuwa yake. Akaombea baba yake huko mlimani, akaombea bibi, kisha akasema, "Na Bwana, nimekosa. Naomba uwatunze hawa tisa mpaka baba mdogo atakapoenda tena Tanga awarudishe nyumbani wakiwa wazima." Mimi nikaitikia amina. Rafiki yangu, nilikuwa na miaka mingi ya kuitikia amina bila kufikiri. Siku ile ilinishika. Nilijua safari ya shemeji ya kesho kutwa ilikuwa imejaa, anapakia Arusha bila kupita kwetu, na ratiba yake ya Arusha na Tanga haipinduki. Kuwabeba angeweza tu ile ya Jumanne ya wiki nyingine. Siku tisa. Wanyama wa pwani, kwenye baridi ya Masama ya mwezi wa sita, na hakuna hata mmoja wetu anayejua wanakula nini. Wakifa wote, nitamwambia nini mtoto kuhusu ile sala?

Tukawahamishia kwenye beseni pana jikoni, penye joto. Mchanga wa mtoni, majani mabichi ya mgomba juu ili kusikauke, ndizi mbivu, vichwa vya dagaa, kifuniko cha maji ya mvua. Tulivyomtunza ng'ombe ndivyo tulivyowatunza: kata majani, weka, toa uchafu, badilisha maji.

Jumatatu nikambeba yule mfu kwenye kopo la siagi mpaka darasani. Wenzangu walinicheka sana. Mzee mmoja fundi seremala akaniuliza, "Mama, mboga hiyo unakula na ndizi?" Mwalimu hakucheka. Aliangalia kopo, akaniangalia mimi.

"Wengine wanaendeleaje?"

"Kuna wanaotembea, kuna wawili wamelegea."

"Wote ni aina moja?"

Nikamwambia ni kaa, mwalimu, kaa ni kaa. Akasema, "Ng'ombe wa maziwa na mbogo nao wote ni ng'ombe. Nenda kawaangalie, uandike unachokiona, siyo unachokijua."

Basi nikaenda nikaandika. Nikawapanga kwa rangi: weupe watatu, wa kahawia wanne, weusi wawili. Ndivyo tunavyotambua ng'ombe huku kwetu, huyu wa madoa, yule mweusi wa kipaji cheupe, na hakuna anayekosea. Nilijiona nimemaliza kazi. Jumatano nikampelekea mwalimu daftari pamoja na kaa watatu wazima, mmoja wa kila rangi.

"Mama," akasema, "ukipaka kucha rangi nyekundu unakuwa mtu mwingine?"

"Mimi sipaki, mwalimu."

"Kwa mfano, mama!"

Darasa lote likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Akanipa kioo chake cha kukuzia. Akasema rangi ya hawa inadanganya, mmoja anaweza kuwa mweupe na ndugu yake wa damu akawa wa kahawia. Niangalie magando, macho, vipapasio, miguu.

Nikashika kioo. Na hapo, rafiki yangu, ndipo nilipojua kwamba siku zote nilikuwa natazama bila kuona. Yule mweupe na yule wa kahawia walikuwa na kitu kimoja sawasawa: gando la kushoto kubwa kuliko la kulia, na juu ya lile gando, upande wa nje, vimistari vifupi vya kulala vimepangwa kama mshono wa cherehani. Nilimgusa mweupe akasugua gando na mguu, akatoa sauti, krr krr, ananigombeza. Macho yao yalikuwa yamesimama kwenye vijiti vilivyobapa kama vimebanwa kwa vidole. Wa tatu, mweusi, naye gando lake la kushoto lilikuwa kubwa lakini limenyooka laini, hakuna mshono, na vipapasio vina wekundu wa machungwa.

Kisha mwalimu akafungua kopo la yule mfu, alilobaki nalo tangu Jumatatu. Huyo magando yake yalikuwa madogo na yanalingana, la kulia na la kushoto. Macho yake ya mviringo juu ya vijiti vyembamba. Na miguu ina mistari ya bluu imeshuka urefu kutoka juu mpaka chini, kama suruali ya michezo.

"Huyu ni mtu mwingine kabisa," nikasema.

Mwalimu alikuwa na rafiki aliyesoma naye chuo, anafanya kazi pwani. Akawapiga picha kaa wote wanne kwa simu, akamtumia. Tukaendelea na somo. Kabla hatujafunga daftari ujumbe wa sauti wa yule rafiki ukaingia, mwalimu akaufungulia darasa zima tusikie. Akasema wale wa mshono ni wa nchi kavu, wapo wengi ufukweni, wanatembea juu ya mchanga na chini ya majani. Yule mweusi asiye na mshono ni wa nchi kavu pia, lakini anapenda zaidi karibu na mikoko. Hao wote wanahitaji unyevunyevu na maji ya kunywa, ila ukiwazamisha wanakufa. "Lakini mwambie mama," akasema, "yule wa mistari ya bluu na magando yanayolingana ni wa majini. Maji yakitoka anaweza kuvumilia, lakini asipoyapata tena ananyauka taratibu. Kama wako wengine wa hivyo, wawekwe kwenye maji ya bahari leo leo. Na asitengeneze maji kwa chumvi ya dukani." Akaongeza kwamba wapo wengine tena wakubwa wa kilindini, miguu myekundu yenye manyoya, wanabeba juu ya gamba lao viumbe laini kama maua. Majina ya Kilatini aliyataja, ninayo kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Wale wawili waliolegea nyumbani, nilikumbuka miguu yao. Kwenye daftari nilikuwa nimewaandika "kahawia".

Nilifika nyumbani nahema, wale watatu nimewarudisha. Moja kwa moja jikoni. Wale wawili walikuwa kwenye kona ya beseni, vipapasio vimelala. Nikanyoosha mkono mahali pa ile chupa. Haipo.

"Mama, ile chupa ya maji ya bahari iko wapi?"

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. "Nimeiosha. Iko uani, nitaiwekea mafuta ya taa."

"Na maji?"

"Nimempa ng'ombe. Si chumvi? Amekunywa akalamba na ndoo. Leo hujaona maziwa yalivyoongezeka?"

Nikasema, "Yote, mama?"

"Kidogo kiko kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa nasukutulia koo."

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Bibi, yale yalikuwa maji yao!"

"Ya nani? Tangu lini konokono akawa na maji yake?"

Mtoto akageuka akaenda nje. Mimi nikachukua kikombe cha bati, hakikujaa vizuri, nikamimina kwenye bakuli, nikawaweka wale wawili. Maji yakawafunika nusu gamba. Baada ya muda mmoja akainua kipapasio. Nikamwita mtoto. Akaja akaangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Hayatatosha." Ni kweli, yasingetosha mpaka Jumanne. Yangechafuka kabla. Usiku ule kwenye sala bibi yake alikuwepo, lakini bibi na mjukuu hawakutazamana.

Sasa nikueleze kitu cha kwetu. Mipaka ya vihamba vyetu imepandwa mmea unaoitwa isale. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani lake, unampelekea kuomba msamaha. Na aliyeletewa isale hakatai. Anayekosea ndiye anayepeleka, lakini mimi katika maisha yangu nimeona vijana wakiwapelekea wazee, ndugu wakipelekeana, mume akipeleka ukweni. Sijawahi kuona mzee akimpelekea mtoto.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakamua. Nikamwona mama mkwe anapita kati ya migomba, kitenge kimelowa umande, ameshika jani la isale amelifunga fundo. Nikadhani anaenda kwa jirani. Akaingia jikoni kwetu, binti yangu akiwa amechuchumaa mbele ya bakuli.

"Mjukuu wangu," akasema, "nilichukua kisicho changu. Sikujua, lakini sikuuliza."

Akamnyooshea jani. Mtoto akaniangalia mimi, macho yamemtoka. Hakujua afanye nini. Nikamwambia, "Pokea." Akapiga magoti akapokea kwa mikono miwili.

"Hapana, simama," bibi akasema. "Leo anayeomba ni mimi."

Mtoto akasimama, akamkumbatia kiunoni, akasema, "Nimekusamehe, bibi, na mimi nilikujibu vibaya." Bibi akamwambia, "Hilo la kujibu tutalizungumza siku nyingine." Tukacheka wote watatu, na mimi nikarudi kwenye ndoo ya maziwa kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Kisha akafanya jambo ambalo hafanyi. Mama mkwe hapendi simu, anasema inaunguza sikio. Siku hiyo akasema, "Nipigieni mwanangu." Shemeji alikuwa bado Tanga, anapakia nazi.

"Mama, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Lete maji ya bahari."

"Maji ya nini?"

"Ya bahari. Dumu zima. Safi, yasiwe ya bandarini yenye mafuta."

"Mama, watu wananiagiza samaki, wewe unaniagiza maji?"

"Nimekuzaa ili uniulize maswali? Lete."

Ijumaa mmoja wa wale wawili akafa. Sitakuficha. Tulimzika chini ya mgomba, mtoto akasema sala fupi, akasema asante kwa yule aliyebaki. Mimi nilikuwa sijafika hapo kwenye asante, mtoto alinitangulia.

Jumamosi jioni Fuso ikasimama barabarani, shemeji akateremka na dumu la lita ishirini begani. Tukabadilisha maji. Yule wa mistari ya bluu alikaa kimya kama dakika kumi, halafu akatoka karibu nusu mwili, akaanza kuzunguka bakuli anapapasa ukingo, kama mtu aliyeingia nyumba mpya anakagua kuta. Mama mkwe akapiga makofi. "Aika," akasema, "aika mbe," yaani asante, asante sana, na sikujua anamshukuru mwanawe au kaa au Mungu. Nafikiri wote.

Jumanne alfajiri wakaondoka wanane: sita wa mshono, maana hata mweusi wa pili nilimkuta nao, na yule mweusi laini kwenye beseni la mchanga na majani ya mgomba, na mmoja wa mistari kwenye ndoo yake yenye maji. Nilimweleza shemeji tofauti, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia. Lakini dereva wa Fuso alfajiri anawaza vizuizi vya barabarani.

Jumatano asubuhi simu ikaita, ya picha. Shemeji amesimama kwenye maji mpaka magotini, upepo unapiga, nyuma yake bahari yote. Mimi sijafika baharini mpaka leo. Nikamwita mama mkwe na binti yangu, tukabanana kwenye kioo kile kidogo.

"Mnaona? Nimefika. Nawamwaga sasa."

Akainua beseni.

"Usimwage!" nikapiga kelele mpaka ng'ombe akageuka. "Shemeji, hao watakufa maji!"

"Si wa bahari hawa? Watakufaje maji?"

"Ni wa nchi kavu! Toka kwenye maji!"

"Shemeji, watu wananiangalia."

Mama mkwe akanyakua simu. "Toka majini wewe!"

Akatoka. Binti yangu akachukua simu kwa mikono miwili, akaanza kumwelekeza.

"Baba mdogo, shika mmoja mmoja, ushike gamba kwa nyuma asikubane. Geuza. Gando la kushoto ni kubwa?"

"Kubwa."

"Lina mshono?"

"Mshono gani? ... Eee! Lipo. Kama cherehani!"

"Huyo muweke kule juu, kwenye majani makavu, penye kivuli."

Akaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine. Watoto wawili watatu wa pale pwani wakaja wakamzunguka, wakaanza na wao kugeuza magamba, kutazama magando na kubishana. Yule mweusi alipotokea shemeji akasema mwenyewe, "Huyu hana mshono, vipapasio vyekundu. Wa mikoko, siyo?" Akatembea naye hadi kwenye mikoko, tukawa tunaona mchanga tu na miguu yake. Akamweka kwenye mzizi. Wa mwisho akamtoa kwenye ndoo, akaonyesha miguu ile ya mistari karibu kabisa na simu, akamshusha kwenye kidimbwi kati ya mawe, maji yanaingia na kutoka. Kaa akakaa. Akatoa macho. Wimbi dogo likaja likamfunika, lilipotoka hakuwa pale tena, alikuwa mbele kidogo, anatembea.

"Wanane?" mtoto akauliza.

"Wanane."

Akanirudishia simu, akaenda nje kwenye migomba. Nilimfuata kwa macho tu. Alikuwa amesimama, mikono ameifumba, anaomba kwa sauti, na safari hii hakuwa akiomba kitu. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Akaitikia amina kutoka jikoni, nami nikaitikia, na nilijua ninaitikia nini.

Basi rafiki yangu, hii usibaki nayo. Kila mwaka shule zikifunga kuna mtoto wa huku juu anashuka pwani, na kila mtoto ana ndoo. Mwambie mama yake, au msomee, au muonyeshe kwenye simu. Mwambie mtoto amtazame kaa mpangaji pale pale alipo: kama gando la kushoto ni kubwa, lenye mshono au laini, huyo ni wa nchi kavu, asimtupe majini, kama magando yanalingana na miguu ina mistari, ni wa maji, asimtoe, na asiyefanana na hawa amwache pale alipo. Magamba matupu nayo ayaache, kuna anayeyatafuta. Na kama kosa limeshafanyika na wameshafika mlimani, mwambie kwanza afiche maji ya bahari mbali na ng'ombe. Mwambie na mwingine amwambie mwingine.